Nilikwenda Mbarara Kununua Mrija

Nakivale kuna ziwa. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia kisa hiki hunikatiza mapema: "Kwani huko kwenu hakuna ziwa?" Lipo. Liko pale bondeni, jina lake ndilo jina la makazi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, na asubuhi likiwa limetulia ungedhani limepakwa rangi. Lina mafunjo, lina ngege, lina kambare, lina viboko na lina mamba. Hao wawili wa mwisho ndio walionifanya mimi, mzaliwa wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, niliyejua kuogelea kabla sijajua kufunga vifungo vya shati, nikae miaka yote hii karibu na maji huku nikioga kwa kopo.

Siku zangu za kwanza hapa nilishuka ufukweni na taulo begani. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu alinitazama, akalitazama taulo, kisha akaniuliza kama nimewaaga watu wa nyumbani. Nilidhani ni adabu tu ya wenyeji. Akanyoosha kidole: pale majini, nilipokuwa nimehesabu mawe matatu, jiwe la katikati likapiga chafya.

Kiboko, ukimchunguza vizuri, ndiye mwenye vifaa kamili. Macho, masikio na pua vyote kawekewa juu ya kichwa. Mwili mzima uko chini, naye anaona, anasikia na anapumua bila kununua kitu. Mimi pua yangu iko katikati ya uso na matundu yanatazama chini. Ndiyo maana ilinibidi nifunge safari kwenda Mbarara.

Chanzo chenyewe kilikuwa ubishi. Jioni moja, umeme wa sola umeisha na hadithi zimeanza, niliwaambia watoto kwamba kwetu Baraka nilikuwa nikielea juu ya Tanganyika nikahesabu mawe yaliyo chini, kina cha mchikichi mzima. Binti yangu wa miaka 10 akasema, kwa heshima zote, "Papa, maji hayana chini ya kuonekana." Sikuweza kumlaumu. Maji yote anayoyajua yeye ni ya ndoo, ambayo chini yake ni ndoo. Ya ziwa letu, ambayo chini yake ni siri. Na ya Rwizi, ule mto unaopita Mbarara mjini, ambao wakati wa mvua unafanana kabisa na chai ya maziwa. Nikamweleza kwamba Tanganyika ina kina cha mita 1,470, kwamba duniani ni Baikal peke yake linalolizidi kwa kina, na kwamba karibu na miamba yake kuna samaki wadogo wa kila rangi, ambao walikuwa wakikamatwa na wapiga mbizi na kupelekwa Ulaya kwa ndege wakae kwenye vioo vya sebuleni. Mtoto akasikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia mama yake na kuuliza kama samaki alipanda ndege kweli.

Hapo nikaapa. Jumamosi moja nitawapeleka Mbarara, kwenye bwawa la hoteli, na kila mmoja ataona chini kwa macho yake. Na kwa kuwa sisi si watu wa kurukaruka majini kama vyura, tutakwenda na vifaa: miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na mapezi ya miguuni.

"Mkimbizi na mapezi," akasema mama watoto. Hakuongeza neno. Alichukua ungo akaendelea kupepeta maharagwe, na kila lilipoanguka jiwe nilihisi ameongeza.

Kutoka Base Camp, pale makazini kwetu, hadi Mbarara, ukipitia Kabingo, ni safari ya kutosha kuujaza uso wako vumbi la wilaya yetu ya Isingiro na magoti yako ndizi za wenzako. Mbarara ni jiji sasa, tangu Julai 2020, lakini ni jiji la ng'ombe. Sisemi kwa dharau. Ni mji wa maziwa na wa pembe ndefu za Ankole, na mfanyabiashara wake akisikia umetaja kifaa chochote cha mpira, anakipeleka zizini kwanza halafu ndipo anakurudia wewe.

Duka la kwanza niliomba miwani inayofunika macho na pua. Muuzaji akafurahi, akaniita sebo, yaani bwana, akaniletea moja nzito yenye mkanda. "Hii sebo, ukipulizia ng'ombe dawa ya kupe, haiingii hata tone." Nikamwambia sina ng'ombe. Akanionea huruma. Nikaona nifafanue kwa mwili: nikazungusha vidole machoni, nikainama, nikanyoosha mikono kama anayeelea. Akafikiri. "Na mrija?" nikaongeza. "Ule unaowekwa mdomoni." Uso wake ukang'aa, akaingia stoo, akatoka na bomba refu lililopinda kwenye ncha.

"Huu unawekwa mdomoni," akasema.

"Mdomo wa nani?"

"Wa ndama. Unamnywesha dawa ya minyoo."

Duka la pili walikuwa na miwani ya kuogelea, ile midogo ya vikombe viwili. Hapo wengi ndipo wanapokosea, na mimi najua kwa sababu utotoni tulikosea kwa macho yetu wenyewe. Sisi miwani tulijitengenezea: vipande vya kioo cha dirisha, mpira wa tyubu ya gari na gundi. Juu juu ilikuwa safi. Ukizama mita mbili au tatu, maji yanaikandamiza kwenye uso, hewa iliyo ndani inabanwa, na kwa kuwa pua yako iko nje huna njia ya kuingiza hewa nyingine. Unatoka na duara mbili nyekundu machoni, na mwalimu anajua nani hakuja shule. Miwani ya kuzamia inafunika pua kwa sababu hiyo: ukisikia inakubana, unapuliza kidogo kwa pua, basi. Kwa hiyo ile midogo nikairudisha. Ni ya watu wanaoogelea kwa mashindano, wasio na haja ya kujua kilicho chini.

Duka la tatu ndipo nilipoliwa. Kulikuwa na pakiti nzima, miwani na mrija pamoja, yenye picha ya mtoto wa Kizungu anayecheka chini ya maji. Shilingi 25,000. Nilinunua ile picha. Nyumbani nikaijaribu kwenye beseni, nimepiga magoti uani, kichwa ndani ya maji, majirani wa nchi nne tofauti wakitazama. Maji yaliingia kabla sijafumbua macho. Ukingo wake, ule unaogusa uso, ulikuwa wa plastiki ngumu kama mfuniko wa ndoo. Haukunjiki kufuata shavu. Kioo nacho hakikuwa kioo, ni plastiki, na mwanangu mdogo alikuwa ameshaikwaruza kwa kuipanguza na kanga ya mama yake. Jirani yangu Msomali, mtu wa Mogadishu, aliyekulia kando ya Bahari ya Hindi yenyewe, alikuja akaibonyeza kwa kidole gumba na kutoa hukumu yake: "Hii ni ya kuvaa kwenye picha."

Yeye ndiye aliyenifundisha, na mafundisho yake nayaandika hapa kwa faida ya mwingine. Ukingo uwe wa silikoni, laini, unaokunjika ukiugusa na kurudi. Kioo kiwe kioo kweli, kile kigumu ambacho hata kikivunjika kinatoka chembechembe na si visu. Mara nyingi kimeandikwa pembeni. Na kabla ya kutoa pesa, usifunge mkanda. Iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, achia mkono. Ikishika yenyewe, ni yako. Ikianguka, hata ikiwa ya dhahabu, ni ya uso wa mwingine. "Miwani haichaguliwi na mfuko," alisema. "Inachaguliwa na shavu."

Shemeji yangu wa Kampala alikuwa na maoni mengine, na aliyatoa kwa simu, kwa sauti, akitumia salio langu. Yeye alitaka ninunue ile ya kisasa inayofunika uso mzima, mrija umechomoza juu ya paji kama pembe, unapumua kwa pua na mdomo kama uko sebuleni. Kampuni ya Kifaransa Decathlon iliitoa mwaka 2014 na ikapendwa sana. Machi 2020 Waitaliano wa Brescia hata waliigeuza kwa kuiongezea vifaa ikawasaidia kupumua wagonjwa wa korona hospitalini. Ni kitu chenye historia. Lakini nilimuuliza shemeji: nikizama, nikisikia masikio yanaziba, pua nitaibana vipi? Akanyamaza. Na zile za kuiga, zilizotengenezwa ovyo, hewa chafu uliyoitoa inabaki mle mle unaivuta tena. Kumuazima mtoto kitu hicho sikutaka. Salio likaisha akiwa bado anafikiri.

Nikarudi Mbarara, safari hii moja kwa moja kwa watu wa mivumba, yaani mitumba.

Mimi naamini Ulaya kuna mtu ambaye kila majira ya joto yakiisha anarudi nyumbani kutoka baharini, anaapa hatarudi tena, na anatupa kila kitu kwenye sanduku la msaada. Mungu amzidishie hasira. Katikati ya viatu vya mpira, kofia za baiskeli na miwani ya theluji (nani Mbarara ataivaa, sijui, labda mwendesha boda), niliiona: nyeusi, ukingo laini, kioo kizito chenye alama pembeni. Niliibonyeza kwa kidole gumba kama nilivyofundishwa. Ikarudi.

"Shilingi ngapi?"

"Arobaini elfu, sebo. Hii ni ya wanajeshi."

Sikubishana. Nilitaka kwanza kuijaribu. Nikaiweka usoni, mkanda ukining'inia, nikavuta pumzi kwa pua. Nilivuta kama mtu aliyetoka safari ya mbali na pesa zake mkononi. Miwani ikaingia usoni ikashika. Nikaachia mikono. Ikabaki. Furaha iliyonipata siwezi kuieleza, na wakati ule sikuweza kabisa, kwa sababu niligundua kwamba nikisema neno mashavu yatacheza na miwani itaachia. Watu wakaanza kukusanyika. Muuzaji akaniuliza, "Unatoa ngapi?" Mimi, nikitaka kumwambia asubiri kidogo, nikainua mkono wazi, vidole vyote vitano.

"Hamsini!" akapiga kelele. "Sebo, Mungu akubariki!"

Nikatikisa kichwa. Akadhani nakubali kwa msisitizo. Nikainua na mkono wa pili kumzuia, na hapo umati ukaguna, maana sasa nilikuwa nimefika laki moja kwa bidhaa iliyotajwa arobaini. Mama mmoja muuza matoke, aliyekuwa akinitazama muda mrefu kwa wasiwasi, akaona midomo yangu imekaza na macho yametoka nyuma ya kioo, akasema kwa sauti kwamba huyu mtu anakufa na nyinyi mnafanya biashara. Akaja, akaweka mkono kwenye paji langu, akaing'oa. Ilitoka na mlio wa chupa ya soda. Kwa muda wa siku nzima nilikuwa na duara usoni kama nyani.

Tulimaliza kwa 30,000, na nadhani alinipunguzia kwa huruma.

Kwa mapezi yule yule muuzaji alikuwa na mawili. La kwanza la bluu, namba 42 kwa 43, lilinikaa kama kiatu cha Pasaka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: lisibane hadi mguu ukakakamaa, lisicheze hadi likakuchubua kisigino. Lilikuwa fupi, la kutosha bwawani. Yale marefu ni ya wanaokwenda kina kirefu na wenye mapaja. La pili lilikuwa la njano, namba 38.

"Hii ni jozi?" nikauliza.

"Ni ndugu," akasema bila kupepesa. "Mama mmoja, baba mbalimbali."

Kwa jibu lile nilinunua yote mawili, shilingi 10,000.

Mrija sikununua tena. Ule wa pakiti ya picha ulikuwa mzima, na mrija ni kitu ambacho urahisi wake ndio ubora wake: bomba lililopinda, kipande laini cha kuuma kisichokata fizi, basi. Kuna yenye vali ya chini ya kutolea maji na yenye kofia ya juu ya kuzuia mawimbi. Nzuri, lakini bwawani Mbarara wimbi pekee ni mtu mnene anayeruka. Mwanangu mdogo ndiye aliyekuwa na malalamiko. "Papa, huu ni mfupi. Ungenunua mrefu ungefika chini kabisa huku unapumua."

Nikakaa. Swali hilo mimi nililiuliza nikiwa na umri wake, na nikalijibu kwa mwili wangu. Mrija wetu wa kwanza Baraka ulikuwa kikonyo cha jani la papai, kile kirefu chenye tundu katikati. Unakata ncha zote mbili, unauma mwisho mmoja, unalala chini ya maji kimo cha shibiri moja, unapumua hewa yenye uchungu wa utomvu. Kilifanya kazi. Basi tukasema, kama kikonyo kinafanya kazi, mpira wa kumwagilia bustani utafanya kazi zaidi. Tukauiba mahali ambapo sitapataja, kipande kirefu kuliko mimi. Rafiki yangu akashika ncha ya juu, mimi nikazama nimekumbatia jiwe. Sikuweza kuvuta hata kidogo. Nilidhani rafiki yangu ameziba kwa mzaha, nikatoka nikampiga. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba nilimwonea. Ukiwa mita moja chini, kila sehemu ya kifua yenye ukubwa wa kiganja, sentimita 10 kwa 10, inabeba uzito wa maji wa kilo 10. Jumlisha kifua chote. Misuli ya mbavu haiwezi kuunyanyua mzigo huo ili kuvuta hewa iliyo juu isiyobanwa na kitu. Na hata ungeweza, mrija mrefu unabaki umejaa pumzi uliyoitoa, ukaivuta tena ile ile. Ndiyo maana mirija ya dukani haivuki sana sentimita 40.

"Na tembo?" akauliza mtoto. Alikuwa amewaona kwenye kitabu wakivuka mkondo wa Kazinga, mkonga tu umechomoza.

Nilimpenda kwa swali hilo. Mwaka 2001 mtaalamu wa upumuaji wa California, John West, aliandika kuhusu jambo hilo hilo. Sisi kati ya pafu na ukuta wa kifua tuna nafasi nyembamba yenye majimaji na mishipa midogo dhaifu. Tembo nafasi hiyo hana, imejaa tishu zinazounganisha pafu na kifua, hivyo mishipa yake haipasuki hata akipumua kutoka kina ambacho kingetuua sisi. Mtoto akaelewa kwa namna yake: kwamba baba yake ni mdogo kuliko tembo kwa kila upande.

Jumamosi ikafika. Kiingilio bwawani kililipwa, na sikitaji kiasi chake kwa sababu mama watoto anasoma ninachoandika. Maji yalikuwa ya bluu, ya kuonekana hadi vigae vya chini, na binti yangu alisimama ukingoni akakaa kimya. Nilijua nimeshinda ubishi hata kabla ya kulowa. Lakini vifaa nilikuwa navyo.

Kwanza nikavaa mapezi, nikafanya kosa la kutembea nayo kuelekea mbele. Mapezi hutembezwa kinyumenyume, au yanavaliwa ukiwa umeketi ukingoni. Nilikanyaga la njano kwa la bluu mbele ya familia moja ya heshima iliyokuwa ikinywa maji ya matunda, nikajiokoa kwa kushika mwavuli wao.

Kisha nikatema mate kwenye miwani.

Hapa naomba nisikilizwe. Kioo cha miwani hupata ukungu kwa sababu ya joto la uso. Kikiwa kipya kabisa unakisugua kwanza kwa dawa ya meno nyeupe, kwa kuwa kimetoka kiwandani na utando wa mafuta. Kikiwa kimetumika kama changu, unatema mate, unasambaza kwa kidole, unasuuza. Mate yanafanya unyevu utandazike badala ya kukaa matone matone. Hivi ndivyo wanavyofanya wapiga mbizi wa Mafia, wa Watamu na wa dunia nzima, maskini na matajiri. Lakini mlinzi wa bwawa hakuwa wa dunia nzima. Alikuja akiwa na filimbi mdomoni.

"Sebo, hapa hatutemi mate."

"Sijatema bwawani. Nimetema kwenye miwani."

"Na miwani inakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Ile familia ya heshima ilikuwa imeshawatoa watoto wao majini. Nilisuuza bombani, mbali, chini ya ulinzi. (Tone la shampuu ya watoto linafanya kazi ile ile na halimchukizi mtu. Jirani yangu Msomali aliniambia hilo Jumapili.)

Nikaingia. Nikalaza uso juu ya maji, nikauma mrija, nikapiga mguu. Pezi kubwa likasukuma kwa nguvu za kubwa, dogo kwa nguvu za dogo, nikaanza kuzunguka polepole kama mkono wa saa. Na maji yakaanza kuingia. Si mengi, kijito kidogo tu chini ya pua, lakini mfululizo. Miwani iliyonishika sokoni mbele ya Ankole nzima sasa ilikuwa inanisaliti. Nilichofahamu baadaye ni kwamba kipimo kile kinataka pumzi ndogo. Mimi nilivuta kwa nguvu, na nguvu zikaficha kasoro. Kasoro yenyewe ilikuwa masharubu. Nimeyafuga tangu mwaka niliooa. Silikoni haiwezi kuziba juu ya nywele. Maji hupenya katikati ya unywele na unywele kama panya kwenye mahindi. Wengine hupaka mafuta ya mgando, ambayo yanaziba kwa siku hiyo na yanaweza kuharibu mpira kwa siku zijazo. Dawa ya kweli ni wembe.

Hata hivyo, niliona. Nilikuwa nimetupa sarafu tatu chini kwa ajili ya ushahidi, na ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya shilingi 100, dhahiri. Nikazama, nikaichukua, nikaiinua juu na kutangaza: "Mia!" Watoto wakaitazama. Ilikuwa hamsini. Maji hufanya hivyo: kupitia kioo kitu huonekana kikubwa kwa theluthi moja na karibu kwa robo, na sarafu ya hamsini ikapewa mkopo ikawa mia. Nadhani hata yale mawe yangu ya Baraka sasa inabidi niyapunguze kidogo. Nikarudi chini kwa ile mia halisi, ambayo ina picha ya ng'ombe. Hata chini ya maji, Mbarara inakupa ng'ombe.

Zamu ya binti yangu ikafika. Nilimwekea miwani bila mkanda, nikamwambia avute kidogo tu. Ikashika kama imezaliwa naye. Uso mdogo, ngozi laini, hana masharubu. Pezi la njano nalo, kwa kulikaza kidogo na soksi, likamkaa. Akalala juu ya maji nikimshika kiuno, mrija umechomoza, na nikasikia pumzi yake inapita mle ndani, kwanza haraka haraka, halafu polepole. Alikaa hivyo muda mrefu. Nikadhani amelala. Kisha akaanza kupiga kelele ndani ya mrija, sauti kama ya tarumbeta ya mbali, akatoka, akang'oa vyote.

"Papa! Nimeona samaki!"

Ile familia ya heshima ikasimama wima. Mlinzi akashika filimbi. Binti yangu akazama mwenyewe, bila kushikwa, akaibuka na sarafu ya tatu, ile ya shilingi 200. Na ni kweli, Benki Kuu ya Uganda imemchora pale samaki, tena samaki wa ukoo ule ule wa ngege wetu na wa wale wadogo wa rangi wa Tanganyika. Nilikuwa na sarafu hizo mfukoni miaka yote nikizihesabu kwa ukubwa na kwa rangi, sikuwahi kumtazama.

Leo miwani imening'inia jikoni kwenye msumari. Mama watoto, yule yule wa maharagwe, huivaa akikata vitunguu, na kwa kuwa inafunika na pua hatokwi hata na chozi. Wageni wakimkuta nayo hasemi imetoka wapi. Mrija ulitumika kupulizia mkaa wa mbabula, jiko letu, hadi ncha ikayeyuka. Pezi la njano ni la binti na halizungumziki. Limebaki la bluu, peke yake, chini ya kitanda.

Basi msomaji, kama uko Isingiro, Mbarara, au hata Kampala, na una pezi moja lisilo na mwenzake, namba 42 au 43, rangi yoyote, nitafute Base Camp. Bei tutaelewana kwa mdomo. Mkono siinui tena.